Hakuna Programu ya Kuponya Uraibu wa Ponografia



Ukiwa mtu wa kompyuta hapa Kakamega, watu hukuletea shida za kila aina. Simu imeingia maji, laptopu imegoma kuwaka, akaunti ya Facebook imedukuliwa. Hizo husemwa kwa sauti. Kuna ombi moja ambalo huja kwa kunong'ona, na aghalabu anayeuliza husema anamwulizia rafiki: je, kuna programu ya kumzuia mtu kutazama picha za ngono?

Jibu fupi: ipo, ni ya bure, na kuiweka ni kazi ya dakika mbili. Jibu refu ni kwamba haitamponya mtu. Naandika haya kwa sababu kuna vijana wanaopoteza miaka wakitafuta kufuli bora zaidi, badala ya kutafuta msaada.

Tuanze na kufuli lenyewe. Ukiandika jina la tovuti, simu yako huuliza kwanza seva ya DNS: jina hili lina anwani gani? Ni kama kuuliza njia kabla ya kupanda boda. Mwaka 2020 kampuni ya Cloudflare ilitoa DNS ya familia, namba yake 1.1.1.3. Ikiulizwa tovuti ya ngono, hujibu kwa anwani isiyokwenda popote, na ukurasa haufunguki. Simu ya Android kuanzia toleo la 9 ina mahali pa kuandika DNS ya binafsi kwenye mipangilio. Andika family.cloudflare-dns.com, basi, umemaliza.

Sasa tatizo. Aliyeliweka kufuli ndiye mwenye ufunguo. Saa saba usiku, akiwa peke yake chumbani kule Lurambi na bando la usiku halijaisha, ataliondoa kwa nusu dakika. Au atawasha VPN.

Majirani zetu wa Uganda wamejaribu kufuli la nchi nzima. Sheria yao ya Kupinga Ponografia ni ya mwaka 2014. Mwaka 2016 waziri wa maadili, Simon Lokodo, akatangaza mtambo wa kunasa ponografia wa dola 88,000. Mwaka 2018 kampuni za intaneti zikaamriwa zifunge tovuti 27. Lakini Julai mwaka huo huo serikali ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na wananchi wengi wakajifunza VPN ili kukwepa kodi. Ukishajua VPN, tovuti 27 si kitu. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikafuta vifungu muhimu vya ile sheria. Kwetu Kenya, mwaka 2021 Aden Duale, akiwa Mbunge wa Garissa Mjini, alipeleka mswada wenye faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 25 kwa kusambaza ponografia.

Mtambo, faini, jela: vyote vinashughulika na picha. Hakuna hata kimoja kinachomwuliza mtazamaji amepatwa na nini.

Swali hilo lina majibu ya kitabibu siku hizi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza tatizo la tabia ya ngono isiyodhibitika katika orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Nambari yake ni 6C72. Dalili zake: ngono, ikiwemo ponografia, imekuwa kitovu cha maisha hadi afya na majukumu yameachwa; mtu amejaribu kupunguza mara nyingi akashindwa; anaendelea licha ya madhara; anaendelea hata kama hapati raha yoyote. Hali hiyo iwe imedumu miezi 6 au zaidi, na iwe inavuruga maisha kweli.

Hapa kuna sentensi ambayo wengi hawaijui. WHO wanasema kwamba kama dhiki yako yote inatokana na kujihukumu kimaadili tu, hiyo haitoshi kuitwa ugonjwa. Mwaka 2015 mwanasaikolojia wa Marekani Joshua Grubbs na wenzake walionyesha kwamba watu wa dini wanaolaani ponografia huwa wepesi zaidi kujiona waraibu, hata kama hawatazami zaidi ya wengine. Siwaambii watu waache imani yao. Ninachosema ni kwamba kuna aliyevunja msimamo wake na kuna aliyeshindwa kujizuia, na dawa zao si moja. Wa kwanza anahitaji kuzungumza na dhamiri yake. Wa pili anahitaji matibabu, na kumwongezea aibu ni kumwagia moto petroli.

Kwa nini? Waandishi wa programu wataelewa upesi: huu ni mzunguko. Kinatokea kichochezi: upweke, mtihani, kukosa kazi, kukosa usingizi. Linafuata tendo. Inakuja nafuu ya dakika chache. Halafu aibu, na aibu yenyewe inageuka kichochezi kipya. Mzunguko hauna amri ya kusimama. Sisi watu wa programu tunachangia pia: mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule unaoteremka bila kufika chini, na baadaye mwenyewe akajutia. Mbinu hizo hizo za kumshika mtazamaji ndizo zinazotumika kwenye tovuti za ngono.

Basi kufuli lina kazi gani? Linanunua dakika. Hamu hupanda na hushuka kama wimbi, na dakika kumi za kuhangaika na kizuizi zinaweza kutosha ishuke. Lakini lazima uwe na la kufanya katika dakika hizo. Ningeshauri hivi:

1. Weka DNS ya familia, kisha mwombe mtu unayemwamini afunge mipangilio kwa neno la siri analolijua yeye tu.
2. Simu ilale sebuleni au kwa jirani. Nunua saa ya kengele ya bei nafuu.
3. Kwa wiki mbili andika kila mara hamu inapokuja: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulijisikiaje. Ni kama kusoma kumbukumbu za seva kabla ya kurekebisha kosa. Utaona inajirudia.
4. Zungumza na mtaalamu. Mwanafunzi wa MMUST aanze na ofisi ya ushauri nasaha. Wengine waulizie huduma za afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Taja shida kwa jina lake.
5. Ukianguka, usihesabu kuwa umerudi sifuri.

Hiyo ya tano ina ushahidi. Mwaka 2016 watafiti wa Utah, Marekani, walichapisha jaribio la tiba ya mazungumzo ya vipindi 12 kwa wanaume 28. Tiba ilipokwisha, zaidi ya nusu yao walikuwa wameacha kabisa. Miezi mitatu baadaye, walioacha kabisa walikuwa kama theluthi moja, lakini wengi wa waliobaki walikuwa wamepunguza sana. Kundi ni dogo, ila linaonyesha mambo mawili: watu hupona, na kupona kuna kurudi nyuma kidogo njiani.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukiniuliza kwa kunong'ona nitakuwekea DNS, bila swali lolote na bila malipo. Kisha nitakuuliza umeshamwambia nani.