PICHA, MOTO NA SHERIA

Tarehe 4 Julai 2024, Mahakama ya Wilaya ya Rungwe ilimhukumu kijana mmoja mchoraji kifungo cha miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5. Alikuwa ameichoma moto picha ya Rais huku akitoa maneno ya matusi, na video yake ikaenea mitandaoni. Wananchi walichangishana, faini ikalipwa.

Hakuna mwenye malezi mema anayeweza kulisifu tendo lile. Unyakyusani, kama kwingineko nchini, mkubwa hatukanwi, seuze Mkuu wa Nchi. Lakini adabu ni jambo moja na jinai ni jambo jingine, na watumishi wa umma hawana budi kuzitenganisha. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa kisheria alipolitenda. Mawakili waliuliza wakati ule ni sheria ipi inayokataza kuchoma picha. Swali hilo lilikuwa la haki. Shtaka lenyewe lilitokana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yaani lilihusu kilichosambazwa, wala si kiberiti. Hata hivyo wengi waliamini kuwa kilichofungwa ni moto. Mwalimu wa Tukuyu atamjibu nini mwanafunzi anayeuliza kuhusu kalenda ya mwaka jana yenye picha ya kiongozi, ambayo mama yake ameiwashia jiko?

Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kueleza fikra, na marekebisho ya 2005 yaliondoa maneno yaliyouweka uhuru huo chini ya sheria za nchi, ingawa Ibara ya 30 bado inaweka mipaka. Fikra hazielezwi kwa ulimi tu. Avaaye kitambaa cheusi amekwisha kusema. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani mwaka 1968 ilikubali aadhibiwe mtu aliyechoma kadi ya kuitwa jeshini, kwa kuwa sheria ililinda utaratibu wa uandikishaji. Mwaka 1989, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikamwachia aliyechoma bendera, kwa kuwa aliadhibiwa kwa ujumbe wake. Tanzania haifungwi na hukumu hizo, lakini kipimo chake chafaa: dola inazuia madhara, au inazuia ujumbe?

Agosti 2024 familia ya kijana huyo ilitoa taarifa kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana. Hapo hapakuwa tena na mjadala wa picha. Aliyekwisha kulipa faini hadaiwi na sheria, na vyombo vya dola viliwajibika kumtafuta kama raia mwingine yeyote.