Usiniletee Tarehe ya Tetemeko

Neno letu leo liko Matendo 11:27-30. Soma mistari hiyo minne kwanza, kisha urudi hapa tuongee.

Washirika wengi wamenitumia video moja. Inaonyesha visiwa vya Japani, na sauti inasema mwisho umefika. Chini kuna namba ya kutuma mbegu ili janga lisiguse nyumba yako. Mmeniuliza, "Pasta, ni kweli?" Nawajibu nyote hapa.

Matetemeko yalikuwa ya kweli. Kuanzia Juni 21, 2025, ardhi ilianza kutikisika karibu na visiwa vya Tokara, kusini mwa Japani. Kufikia siku za kwanza za Julai, matetemeko zaidi ya 1,000 yalikuwa yamehesabiwa. Julai 3, moja lilitikisa kisiwa cha Akusekijima kwa nguvu ya kumfanya mtu ashindwe kusimama vizuri. Kisiwa hicho hakina hata watu 100. Hebu wafikirie hao, wiki mbili za usingizi wa mang'amung'amu, kila mara kitanda kinatikisika. Kesho yake baadhi yao walipanda meli wakaenda Kagoshima.

Lakini tarehe haikuwa ya kweli. Kuna kitabu cha katuni cha mchoraji wa Kijapani, Ryo Tatsuki. Toleo la kwanza, la 1999, lilitaja janga la Machi 2011 kwenye jalada, na Machi 2011 Japani ikapigwa na tetemeko na tsunami iliyoua maelfu. Watu wakashangaa. Toleo jipya la 2021 likataja Julai 2025, na mitandao ikaishikilia tarehe 5. Watalii wakaahirisha safari, na kampuni za ndege za Hong Kong zikapunguza safari za Japani. Mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Japani alisema wazi kwamba ni uongo, kwamba hakuna sayansi inayoweza kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko. Mchoraji mwenyewe alisema yeye si nabii. Tarehe 5 ikafika, ikapita. Soma Kumbukumbu la Torati 18:22 ujue la kufanya na neno kama hilo.

Utaniambia, "Pasta, lakini Julai 30 tetemeko kubwa lilikuja!" Ndiyo, la ukubwa wa 8.8, kule Kamchatka, Urusi. Kitabu kilisema sakafu ya bahari kati ya Japani na Ufilipino. Hiyo ni kusini, Kamchatka ni kaskazini. Tusimsaidie nabii wa uongo kusogeza ramani.

Na kwa nini visiwa vile hutikisika? Chini yake, bamba moja la dunia linajipenyeza polepole chini ya lingine, sentimita chache kila mwaka. Mwamba unakwama, unabanwa, halafu unaachia. Visiwa hivyo hivyo vya Tokara vilikuwa na mfululizo wa matetemeko 2021 na tena 2023. Ndivyo Mungu alivyoiumba ardhi ya huko. Yesu alitaja matetemeko katika Mathayo 24, lakini alitanguliza amri ya kutotishika, na akasema hayo ni mwanzo tu wa utungu. Siku yenyewe, alisema Baba peke yake ndiye anayeijua.

Sasa mtazame Agabo. Alitabiri njaa kubwa. Je, wanafunzi wa Antiokia walifanya nini? Hawakujifungia ndani, wala hawakumlipa Agabo awakinge. Kila mmoja alichanga kadiri alivyoweza, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hicho ndicho kipimo changu, na ninakuomba kiwe chako. Neno la Mungu kuhusu janga hukuacha na kazi ya kufanya. Neno la mwanadamu hukuacha na hofu, na namba ya kutuma pesa.

Nikupe mfano. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, wazee waliona tsunami ya mwaka 1907 ikiua watu wao. Wakawafundisha watoto neno moja, smong, kwa hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Hawakuwaachia tarehe yoyote. Desemba 26, 2004, tetemeko likaja, na kisiwa kilikuwa karibu sana na kitovu chake. Kati ya watu karibu 78,000, saba ndio waliokufa. Ng'ambo, kule Aceh, walikufa zaidi ya laki moja.

Mawimbi hayo hayo yalifika kwetu pwani saa kadhaa baadaye. Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, na fuo zilikuwa zimejaa watu. Onyo lilitolewa, watu wakaondolewa majini. Kenya tulipoteza mtu mmoja, Somalia karibu 300. Aliyesikia na kutii akaokoka.

Nasema kwa uchungu kwa sababu sisi Wakenya tunajua hofu ya mwisho wa dunia inaweza kufanya nini. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola. Wale walikuwa watu waliompenda Mungu kama wewe. Kwa hiyo usiniambie, "Pasta, si ni video tu." Mama anayetuma karo ya mtoto kama mbegu ya kukinga tetemeko la Japani ameshapigwa na janga, na halikutoka baharini.

Kabla hujasambaza unabii wowote, jiulize mambo matatu. Unamwinua Yesu au unamwinua msemaji? Unaniambia nifanye nini? Na ni nani anayepata pesa?

Sikuambii uandike Amina na utume kwa watu kumi. Futa ile video. Waombee watu wa Akusekijima, wanaoishi na ardhi isiyotulia. Halafu keti na watoto wako leo usiku uwaambie: mafuriko yakija hapa kwetu tutakimbilia wapi, na ni jirani yupi mzee tutamsaidia kutoka.

Baba, tupe masikio ya kusikia onyo lako, na miguu ya kulitii. Utuondolee roho ya hofu. Katika jina la Yesu. Amina.