Windows 10 imeachwa: mbele ya kubadilisha masini, tufanye nini?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft haitumi tena bure marekebisho ya usalama ya Windows 10, programu inayoendesha kompyuta nyingi za kwetu. Watu wanauliza: masini yangu itazimika? Hapana, itaendelea kuwaka. Lakini matundu mapya yakigunduliwa hayatazibwa, na humo njo virusi vinapitia.

Angalia sekretaria yoyote karibu na chuo kikuu. Masini moja inapokea flashi za watu wengi kwa siku: kazi za mwisho wa masomo, vyeti, mikataba ya viwanja. Virusi vikiingia hapo, mwenye masini hapati hasara peke yake.

Shida ni kwamba Windows 11 haikubali kila masini. Inaomba memori ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa prosesa za Intel, karibu zote za mbele ya kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, zinakataliwa. Na sisi tunanunua sana masini zilizokwisha kutumika inje. Kwa hiyo, mbele ya kutoa dola zako, uliza prosesa ni ya kizazi gani. Kwa masini uliyo nayo tayari, programu ya bure PC Health Check itakujibu.

Kama masini inakubali, usikimbilie kubonyeza. Kwanza nakili kazi zako zote ku diski ya inje, halafu uzifungue ku masini ingine kuhakikisha ziko nzima. Mimi nilijifunza kwa uchungu: umeme ulikatika katikati ya kazi, masini ikakataa kuwaka, na mahojiano ya wiki nzima yakapotea. Pili, hakikisha batri imejaa ao kuna jenereta. Tatu, fikiria mega: programu hii ina GB kadhaa. Heri mtu mmoja aipakue ku ukurasa wa Microsoft wenyewe, aiweke ku flashi ya GB 8 ao zaidi, na jirani watumie hiyo hiyo. Zile za bure zinazouzwa ku njia, mara nyingi zinakuja na virusi ndani.

Kama inakataa, usiitupe. Microsoft inampa mtu binafsi ulinzi wa Windows 10 mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30, ao bure akiunganisha mipangilio ya masini na akaunti yake. Njia ingine ni Linux Mint: ni ya bure, na unaweza kuijaribu kupitia flashi bila kufuta kitu. Ila ujue, kazi zilizoandikwa na Word zinaweza kuhama mistari kidogo, na hilo mwanafunzi hapendi.

Uamuzi huu ulichukuliwa mbali na sisi, lakini kazi zitakazopotea ni zetu. Kunakili hakuombi masini mupya wala mega. Leo umeme ukirudi, tuanze na hapo.