ZIWA LIMEFUNGULIWA: NANI ATAPITA?

Tarehe 8 Aprili 2022 Serikali yetu ilitia sahihi mjini Nairobi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi wa Julai mwaka ule ule ikawa mwanachama kamili. Sisi wa Kalemie hatukuhitaji kufundishwa kwamba Kigoma ni jirani. Babu zetu walivuka ziwa hili na chumvi, mawese na samaki kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Swali letu ni jingine: biashara hiyo huru, ni huru kwa nani?

Maana neno hilo si geni hapa. Mwaka 1885 wakubwa wa Ulaya waliandika huko Berlin kwamba bonde lote la Kongo, mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, litakuwa wazi kwa biashara ya mataifa yote. Karatasi ilisema soko huru. Msituni mpira na pembe vilikuwa mali ya dola ya Leopold. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika hapa ziwani, na mwaka 1921 Waingereza wakawapangisha Wabelgiji sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Franka moja! Njia ya bahari ilikuwa rahisi kweli kweli, ila sisi tulikuwa wabeba magunia.

Leo twaambiwa njia ni yetu. Basi tuitazame. Kanuni za Jumuiya ni nzuri: bidhaa ya nchi mwanachama haitozwi ushuru wa forodha ikiingia nchi nyingine mwanachama, mradi ina cheti cha asili yake. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani ana cheti chepesi, kinachotolewa mpakani penyewe. Je, ni akina mama wangapi wauzao ndagala (ng'ambo huitwa dagaa, samaki ni yule yule) wamekwisha kukiona cheti hicho kwa macho yao?

Tena tunayo amri yetu wenyewe, ya Machi 2002, iliyotaja idara nne tu za kufanya kazi mpakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Msomaji asimame gatini siku chombo kinapotia nanga, ahesabu mikono inayonyoshwa. Akiishia nne atuandikie, tutafurahi kuchapa habari hiyo.

Lakini kwetu sisi wa migodini jambo zito liko mahali pengine. Ushuru ukifutwa, jirani ana saruji, sabuni, unga na nguo za kutuletea. Sisi tutampelekea nini? Kalemie ilikuwa na kiwanda cha nguo, Filtisaf. Pamba ilisokotwa na kufumwa hapa hapa. Mashine zake zilinyamaza zamani. Manono imetoa bati miaka mingi, na sasa dunia yaitaka lithiamu yake. Mimi karani naandika uzito wa kila gunia linalotoka mgodini. Kijiko kimoja cha bati sijakiandika bado.

Wapo wasemao, basi tufunge mlango. Hapana. Mlango uliofungwa humnufaisha mtu wa magendo. Ila tukumbuke Jumuiya ya kwanza, ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1967 ikavunjika mwaka 1977. Mojawapo ya sababu ni kwamba viwanda vilirundikana Kenya, wenzake wakajiona wanunuzi tu. Jumuiya ya sasa hutoza baadhi ya bidhaa za kutoka nje hata asilimia 35, ili kulinda viwanda vya wanachama. Ulinzi huo humfaa mwenye kiwanda. Asiye nacho hununua ghali, basi.

Kwa hiyo twadai reli ya Kabalo itengenezwe, maana mwaka 2024 treni ya umeme ya Tanzania ilikwisha kufika Dodoma, nayo haitatungoja. Twadai kila mkataba wa mgodi useme ni kazi gani itafanyika huku kabla jiwe halijavuka. Na cheti kile kibandikwe bandarini, kwa Kiswahili.

Wenye risiti za malipo ya gatini wazilete kwa mwandishi wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Waliolipa bila risiti waje vilevile, na hesabu zao kichwani.