AFYA YETU: FIGO ZIKIACHA KAZI GHAFULA

Juma hili, wasomaji wapenzi, yafaa tuyatazame maradhi ambayo watu wengi hawayatambui mpaka yamekwisha kuwa ya hatari, nayo ni figo kuacha kazi ghafula. Sisemi habari za maradhi ya figo yanayomdhoofisha mtu polepole kwa miaka, kama yale yaletwayo na kisukari. Haya huja kwa muda wa saa au siku chache tu. Aliyekuwa akilima shamba lake Jumatatu aweza kuwa mahututi Ijumaa. Lakini kuna heri moja: yakitambuliwa mapema, mara nyingi figo huirudia kazi yake.

Kila mtu ana figo mbili, na kila moja yapata ukubwa wa ngumi. Kazi yake ni kuichuja damu na kuondoa taka pamoja na maji yaliyozidi, yatoke kwa njia ya mkojo. Tuzifananishe na chujio katika bomba la maji. Maji yasipotoka, fundi huchunguza mambo matatu: je, mto umepungua, au chujio limeharibika, au bomba limeziba? Daktari naye huchunguza vivyo hivyo.

Mto hupungua mtu anapopotewa na maji au damu nyingi mwilini, kama katika kuhara, kutapika, kipindupindu, kuungua moto, au mama kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Damu isipofika kwenye figo kwa nguvu ya kutosha, hazina cha kuchuja, na zikikaa hivyo huumia zenyewe.

Chujio huharibiwa na malaria kali, sumu ya nyoka wengine, na dawa zisizotumiwa ipasavyo. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kuziumiza figo, hasa mwili ukiwa umekauka. Baadhi ya mizizi na majani ya kienyeji nayo yana sumu. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70 walifariki kwa figo kukoma, na vifo hivyo vilihusishwa na dawa za maji za kikohozi na homa zilizokuwa na sumu ndani yake. Basi dawa ya mtoto isinunuliwe kwa mchuuzi asiyejulikana.

Bomba huziba kwa sababu ya mawe, au kwa wanaume wazee tezi dume inapokua. Mzee anayeshindwa kukojoa, na tumbo lake la chini limevimba na kuuma, apelekwe hospitali siku ile ile. Mpira wa mkojo peke yake waweza kumwokoa.

Sasa fikirini desturi yetu. Mtu anahara siku tatu; viungo vinamwuma, ananunua vidonge dukani; jirani anamletea maji ya mizizi. Kila mmoja ametenda kwa nia njema, lakini figo zile zimepigwa mara tatu. Siku ya tano anapelekwa hospitali.

Dalili ya kwanza ya kuangaliwa ni mkojo. Mtu mzima akikojoa chini ya mililita 400 kwa siku nzima, au mkojo ukiwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, asingoje. Baadaye huja kuvimba miguu na uso, kichefuchefu, kuhema, na kuchanganyikiwa. Hata hivyo figo huweza kuumia na mkojo ukaendelea kutoka. Kwa hiyo kipimo cha damu ni cha lazima.

Hospitalini kazi ya kwanza ni kuondoa sababu: kurudisha maji mwilini, kutibu malaria, kusimamisha dawa zenye madhara, kuzibua njia. Jamaa wasimshurutishe kunywa maji mengi mgonjwa aliyevimba, kwa maana maji yasiyo na pa kutokea huingia mapafuni. Tena madini ya potasiamu yakizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Ndipo damu husafishwa kwa mashine. Mashine ya namna hiyo ilitengenezwa na daktari Willem Kolff huko Uholanzi mwaka 1943, na mwaka 1945 ilimwokoa mama mmoja mwenye umri wa miaka 67. Watu wengi huogopa kwamba akiingia katika mashine hatatoka. Sivyo, katika maradhi haya wengi huihitaji kwa siku au majuma machache tu, mpaka figo zipone.

Kinga ianzie nyumbani. Mtu akianza kuhara, chukueni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo. Vidonge vya maumivu viwekwe kando mpaka mganga wa zahanati aulizwe. Na yeyote anayemwuguza mgonjwa nyumbani asione haya kumwuliza kila asubuhi na jioni: "Umekojoa?" Mdharau mwiba mguu huota tende.