Ukipenda Boga, Penda na Ua Lake

Awali ya yote nashukuru Chama cha Kiswahili kwa kunipa nafasi katika jarida letu la mwaka huu. Najua wenzangu wataandika juu ya nidhamu, wengine juu ya mapenzi na wengine juu ya mitihani. Mimi nimeamua kuandika juu ya boga. Msicheke kwanza! Nisomeni hadi mwisho, kisha mcheke mkitaka.

Maoni yangu ni haya: kantini ya shule yetu iuze biskuti laini za boga na mdalasini, zilizookwa na akina mama wa hapa hapa kwetu, kwa maboga ya mashamba yetu. Sisemi biskuti za kiwandani zifukuzwe. La hasha. Nasema za boga zipewe nafasi kwenye meza ile ile, halafu tuone ni zipi zitakazobaki jioni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Najua neno boga linavyopokelewa hapa shuleni. Mtu akileta boga la kuchemsha kutoka nyumbani, bweni zima litamcheka. Ataambiwa ati kwao kuna njaa. Mwenye kichwa kikubwa huitwa boga, na asiyejua hesabu huitwa boga pia. Lakini mtu huyo huyo anayecheka, mwezi wa Ramadhani ukiingia, mpe sahani ya boga la nazi lenye sukari na iliki uone kama atabakisha hata uzi! Basi tatizo si boga. Tatizo ni aibu tuliyojitwisha wenyewe, na aibu hiyo yatugharimu.

Nikieleze kidogo kijiji chetu kwa wasiokijua. Kau iko kando ya mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, karibu na pale ambapo mto Tana unamaliza safari yake ya kilomita zipatazo 1,000 na kuingia Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 Kau ilikuwa bandari ya mtoni katika usultani wa Witu. Wajerumani walikuja mwaka wa 1885 wakasema Witu iko chini ya ulinzi wao, na mwaka wa 1890 wakawaachia Waingereza. Wote hao hawakuja kutazama viboko. Walijua kwamba mto huu una mali na kwamba udongo wake unalisha watu. Leo tunaoishi juu ya udongo ule ule twangoja bodaboda ituletee katoni ya biskuti kutoka mjini ndipo tule kitu cha saa nne. Jamani, hili halituumi?

Boga kwetu halihitaji mbwembwe. Mto ukifurika na maji yakishuka, udongo mweusi hubaki, na wazee hutia mbegu kando ya mahindi na migomba. Mmea hutambaa wenyewe na majani yake hufunika ardhi yasikauke upesi. Majani machanga ni mboga, ua ni mboga, tunda ni chakula, na mbegu hukaangwa zikaliwa kama karanga. Ndiyo maana ya msemo nilioutia kichwani mwa makala haya. Tena boga lililokomaa, likivunwa na kikonyo chake bila kuchubuka, laweza kukaa wiki nyingi penye kivuli bila friji. Nitajieni tunda lingine la hapa lenye subira hiyo. Embe? Embe la Ozi ni tamu, lakini halingoji mtu.

Sasa tuje kwenye biskuti yenyewe, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Kwetu nyumbani tulikuwa tukioka vileja siku zote za sikukuu. Siku moja mama na shangazi waliamua kujaribu boga, nami nikawa msaidizi wa kukoroga. Tangu hapo tumeoka mara nyingi, na vipimo vyetu ni hivi.

Chukua boga lililoiva vizuri, lenye nyama ya rangi ya machungwa. Likate vipande, lipike kwa mvuke badala ya kulitosa kwenye maji, kisha liponde. Liweke ndani ya kitambaa safi ulining'inize hadi maji yachuruzike. Hatua hii usiiruke! Boga lina maji mengi, na yakizidi utapata mkate uliolala badala ya biskuti. Ukipata kikombe kimoja cha boga lililopondwa, changanya nusu kikombe cha samli na kikombe kimoja cha sukari mpaka vilainike, tia yai moja, kisha tia lile boga. Pembeni chekecha vikombe viwili na nusu vya unga wa ngano, vijiko viwili vidogo vya beking pauda, chumvi kidogo, na kijiko kimoja kikubwa cha mdalasini uliosagwa. Iliki punje tatu nne zitafaa. Changanya vyote pole pole bila kukanda kama chapati, maana unga ukikandwa sana biskuti huwa ngumu. Chota kwa kijiko, panga kwenye sinia lililopakwa samli, na uache nafasi kidogo.

“Lakini hatuna ovena!” Nilijua mtasema hivyo. Ovena ya nini? Bibi zetu walipika mkate wa kumimina kabla hata ya waya wa umeme kufika Garsen. Tia mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, uweke sinia juu ya mchanga, funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, kingo huanza kuwa za kahawia na harufu ya mdalasini hufika kwa jirani. Hapo epua. Biskuti hizi hazivunjiki ka! kama za paketi. Ni laini kwa sababu boga linashika unyevu ndani ya unga. Mzee asiye na meno anazila, na mtoto anayeota meno anazila.

Nitaje na faida za mwili. Ile rangi ya boga ni ya kitu kiitwacho beta-karotini, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii husaidia macho kuona penye mwanga hafifu, na husaidia mwili kupigana na magonjwa. Mwili huipokea vyema zaidi ikiwa chakula kina mafuta kidogo, na samli imo. Hata hivyo nisidanganye: sukari ni sukari, hata ikikaa na boga. Biskuti mbili na chai zatosha. Anayetaka kula kumi asije akasema nilimwambia mimi kwamba ni dawa.

Kuna rafiki yangu aliyenipinga akasema, “Haya mambo umeyatoa kwa Wazungu. Kule Marekani ndiko wanakooka biskuti za boga.” Ni kweli kwamba Marekani, majani yanapopukutika mwezi wa Oktoba na Novemba, maboga hujaa kila duka na watu huoka biskuti na mikate ya boga na mdalasini. Jimbo la Illinois ndilo linaloongoza kwa kulima maboga ya kutiwa mikebeni. Lakini ngoja nimrudishie swali. Huo mdalasini waliupata wapi? Ni ganda la mti wa Asia. Hata jina lenyewe, mdalasini, latokana na neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu, maana yake mti wa China. Babu zetu waliutia kwenye pilau na chai karne nyingi zilizopita, na Unguja wanaupanda hadi leo. Na boga je? Maboga ya aina hii, sawa na mahindi na mihogo, asili yake ni bara la Amerika, yakatufikia baada ya Wareno kuanza kupita huku mwishoni mwa karne ya 15. Basi Mmarekani anatumia kiungo cha bahari yetu, nasi twalima tunda la bara lake. Hapo nani kamwiga nani? Chakula ni kama lugha ya Kiswahili: kinachopokelewa vizuri na kupikwa vizuri huwa cha mwenyeji. Wao wana msimu wao wa majani kuanguka, sisi tuna msimu wetu wa maji kushuka. Kila mmoja aoke kwa wakati wake.

Mwingine alisema samli na sukari ni ghali. Hilo nalikubali, unga pia si bure. Lakini tazameni mahali pesa inapokwenda. Shilingi kumi ya biskuti ya paketi ikitoka mfukoni mwangu, inapanda gari na kuondoka delta siku hiyo hiyo. Shilingi kumi ya biskuti ya boga inakwenda kwa mama aliyeoka, kwa mkulima aliyelima, kwa mwenye kuku aliyetoa yai, na kwa mfugaji aliyetoa samli. Pengine mmoja wao ndiye analipa karo ya jirani yako darasani.

Hapa kwenye samli nataka nitue kidogo. Boga hulimwa sana na Wapokomo, na samli nzuri hutoka kwa Waorma. Mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013 wakulima na wafugaji wa delta hii walimwagiana damu kwa ajili ya malisho na maji, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Sisi tunaoketi dawati moja leo ni watoto wa pande zote mbili. Sisemi ati biskuti italeta amani. Ningekuwa mjinga kusema hivyo. Nasema biashara inayomfanya mkulima amhitaji mfugaji kila wiki, na mfugaji amhitaji mkulima, ni kamba moja zaidi ya kutufunga pamoja. Watu wanaonunuliana hufikiria mara mbili kabla ya kuinuliana panga.

Jambo la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi. Mashamba ya kwetu hayana uhakika tena. Mabwawa yaliyojengwa juu, kama Masinga lililokamilika mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988, yalibadili mafuriko ambayo wazee walikuwa wakiyategemea. Maji ya mto yakipungua, bahari hupanda mtoni, na chumvi huingia mashambani Ozi, Kau na Kilelengwani. Kisha mvua ikija, huja kwa ghadhabu, kama ile ya mwisho wa mwaka wa 2023 na ile ya Aprili na Mei 2024 iliyowatoa watu majumbani mwao katika Tana River. Boga halipendi chumvi, na halipendi kulala ndani ya maji. Mkulima aliyepoteza shamba mara mbili hupanda mara ya tatu ikiwa tu kuna mtu atakayenunua. Kama sisi vijana tunalicheka boga, atanunua nani? Na mbegu zetu za asili hazitunzwi na kitabu. Zinatunzwa na mama anayezianika juu ya ungo kwa sababu anajua mwaka kesho boga litaliwa. Siku tutakapoacha kulila, mbegu itapotea kimya kimya, na hakuna duka litakaloturudishia.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, wasimamizi wa kantini wajaribu kuuza biskuti za boga kwa muhula mmoja tu, siku mbili kwa wiki. Pili, chama cha kilimo kipewe kipande cha ardhi iliyoinuka, mbali na chumvi, tupande boga na tuweke mbegu kila mavuno. Tatu, nasi wanafunzi tukome kumcheka mwenzetu aliyeleta chakula cha shamba lao. Hili la tatu halihitaji bajeti wala ruhusa ya mwalimu mkuu. Laweza kuanza leo jioni bwenini.

Walimu wetu, mlitufundisha kwamba mwacha mila ni mtumwa. Tumeiandika methali hiyo kwenye insha mara nyingi, tukapewa alama. Sasa tupeni nafasi tuitie mdomoni.

Nimesema yangu. Aliye na maoni tofauti achukue kalamu naye aandike katika toleo lijalo, nitamsoma kwa moyo mkunjufu. Lakini kabla hajaandika, aonje kwanza. Natua kalamu hapa.