Suruali ya Nyanjiru na Bei ya Beseni la Nguo

Akina mama, dada na kaka zangu wa Kawangware 56, Nairobi,

Nawaandikia kutoka huku Uingereza juu ya mwanamke ambaye hakuacha kitabu wala hotuba iliyoandikwa, na ambaye sifa yake yote katika historia imetokana na dakika chache tu. Ni Mary Muthoni Nyanjiru, aliyeuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 16 Machi 1922. Siku ya Wanawake inapowadia, jina lake husomwa pamoja na majina ya mashujaa wengine, makofi yakapigwa, fulana za zambarau zikagawanywa. Asubuhi inayofuata akina mama wa 56 wako palepale kando ya barabara ya kuelekea Lavington, wanangoja kuitwa wakafue. Tumezoea kuyaona haya kama mambo mawili, moja la historia na jingine la njaa. Mimi nashikilia kuwa ni jambo moja. Nyanjiru alikufa kwa sababu ya kazi ya mwanamke, na kwa sababu ya swali la nani aingie ndani kuijadili kazi hiyo. Sisi usawa tumeuhamishia kwenye viti vya Bunge, tukasahau ulikoanzia.

Ulianzia karibu nanyi, maana Kawangware imo katika Dagoretti ya zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza masetla walilia kwamba hawana vibarua, na mnamo Oktoba 1919 Gavana Edward Northey akatoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kutoka kwenda kazini. Pale mashamba yalipokuwa karibu na makazi ya wenyeji, wanawake na watoto nao wahimizwe. Mnajua wenyewe chifu akihimiza huwaje. Wasichana walitolewa majumbani wakapelekwa kwenye kahawa, wengine wakalazwa hukohuko mashambani, na wapo waliorudi wamenajisiwa. Wanaume nao walikuwa wamefungwa kipande cha utambulisho shingoni, kodi ya nyumba imepanda, na mwaka 1921 masetla wakakata mishahara kwa theluthi moja. Juni mwaka huohuo machifu, wamisionari na maofisa wa serikali walikutana Dagoretti, na suala la wasichana kushurutishwa kazi likawa miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, Harry Thuku, alilibeba suala hilo mpaka kwenye mikutano ya hadhara, kupitia chama chake cha East African Association. Wanawake wakampa jina la heshima: chifu wa wasichana.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Watu wakaacha kazi, wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alimofungiwa, wanaume kwa wanawake. Siku ya 16 wajumbe wanaume walikwenda kuonana na Katibu wa Koloni, Charles Bowring, kisha wakarudi na ujumbe kwamba watu watulie na waende zao. Umati ulianza kutawanyika. Hapo ndipo wanawake walipowageukia wajumbe wao, wakisema wamenunuliwa. Nyanjiru akasimama, akapandisha gauni lake juu ya mabega, akawaambia wanaume kwamba kama wameshindwa na kazi hiyo wachukue gauni lake, wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele kuelekea kwenye bunduki, askari wakafyatua. Masetla waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk wanatuhumiwa kwamba nao walipiga. Hesabu ya serikali ilikuwa maiti 21, wenyeji wakasema ni zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Thuku alipelekwa Kismayu bila kufunguliwa mashtaka, asirudi mpaka karibu miaka tisa baadaye. Barabara inayopita Norfolk leo inaitwa kwa jina lake yeye aliyekuwa ndani ya seli.

Kitendo kile mara nyingi huelezwa kama hasira, au kama laana, na kwa Wakikuyu kweli mwanamke mzima kujivua mbele ya wanaume lilikuwa tusi lisilo na mwenzake. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walitumia silaha hiyohiyo mbele ya polisi Uhuru Park mwaka 1992, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, na askari wakageuza nyuso. Lakini tazameni alichokisema, si alichokivua tu. Suruali ilikuwa cheo. Wajumbe walioingia kwa Bowring walikwenda kuzungumza, pamoja na mengine, juu ya mikono ya wanawake iliyokuwa ikichuma kahawa kwa kulazimishwa, na hakuna mwenye mikono hiyo aliyeingia pamoja nao. Walipotoka na jibu jepesi, waliopaswa kulibeba jibu hilo shambani ndio waliolikataa. Nyanjiru aliwaambia kwamba kazi ya kusema kwa niaba ya watu ikimshinda anayeifanya, na aiachilie.

Sasa turudi barabarani kwenu. Gari linapunguza mwendo, kioo kinashushwa nusu. Akina mama sita wanasogea. Mwenye gari anauliza bei, wa kwanza anaitaja, na kabla hajamaliza kuna sauti nyuma ya bega lake inayotaja bei ya chini zaidi. Wa tatu hataji bei kabisa, anasema, "Madam, utanipa tu chochote." Huyo ndiye anayepanda. Akifika anakuta si nguo tu: kuna mablanketi mawili, viatu vya watoto, mapazia, na beseni likishamwagwa kuna sakafu ya kupiga deki, yote kwa bei ileile iliyopatanwa dirishani. Simlaumu aliyepunguza bei, watoto wake hawali heshima. Simlaumu sana hata mwenye gari, ambaye mara nyingi naye ni mwanamke aliyeajiriwa na anayewahi kazini. Ninachosema ni kwamba mapatano yale yanafanywa na mtu mmoja dhidi ya wenzake watano, na bei inayotokana na ushindani wa namna hiyo haiwezi kuwa ya haki, hata pande zote zikitabasamu.

Sheria zipo. Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki katika Ibara ya 41, na usawa wa mwanamke na mwanamume kiuchumi, si kisiasa pekee, katika Ibara ya 27. Kima cha chini cha mshahara kwa kazi za nyumbani Nairobi kilipandishwa Novemba 2024 hadi Sh16,113 na senti kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Vizuri sana, ila mama fua huitwa Jumatatu na huyu, Alhamisi na yule, Jumamosi asiitwe na yeyote. Mwezi wa kisheria haumfikii kamwe. Kifungu kinamtafuta mwajiri mmoja, naye ana waajiri saba, hakuna hata mmoja anayejiona mwajiri.

Mtaniambia dawa ni viti. Kanuni ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, imo katika Katiba, Bunge limeikwepa tangu 2010, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, ushauri ukabaki karatasini. Katika uchaguzi wa 2022 wanawake waliopata viti vya majimbo walikuwa kama 30 kati ya 290. Ni aibu, na ninaunga mkono kila anayeipigania kanuni hiyo. Lakini jimbo lenu la Dagoretti Kaskazini lina mbunge mwanamke, Beatrice Elachi, tangu 2022, na Nairobi ina mwakilishi wa wanawake tangu nafasi hiyo ianze mwaka 2013. Bei ya beseni haikusubiri uchaguzi kushuka wala kupanda. Sisemi hivyo kumshutumu mtu. Mbunge hapangi bei ya kufua, na hapo ndipo penye hoja yangu: kiti kinampeleka mwanamke mmoja ndani, kama wajumbe wale walivyoingia kwa Bowring. Walioko nje wasipokuwa na kauli moja, aliye ndani hana cha kubeba.

Wapo watakaosema Nyanjiru ni shujaa wa Wakikuyu, anahusiana nini na mama aliyetoka Kakamega au Siaya akapanga chumba 56? Swali hili nalichukua kwa uzito, maana Oktoba 2017 mliona nyumba na vibanda vikichomwa hapohapo kwa sababu ya majina ya watu, yaani makabila yao. Jibu ni kwamba Thuku alikiita chama chake cha Afrika Mashariki makusudi, na Nairobi ya 1922 ilikuwa na vibarua wa kila upande kama ilivyo yenu. Tena miaka tisa kabla, Mekatilili wa Menza alikuwa amewalisha Wagiriama kiapo huko Kaya Fungo wakatae kuwatoa vijana wao kwa kazi ya Waingereza, akahamishiwa Kisii, akatoroka. Wanawake hawa wawili hawakuwahi kukutana. Kilichowakera ni kilekile: mtu wa nje kupanga bei ya mwili wa mwenyeji.

Wengine watasema alikuwa akimpigania mwanamume. Ni kweli alitaka Thuku atolewe, kwa kuwa ndiye aliyelisema jambo lao. Thuku huyo baadaye alibadilika, akawapinga Mau Mau na kuwa mkulima mkubwa wa kahawa, jambo ambalo lina kejeli yake. Ndiyo maana mimi sining'inizi maadili ya 1922 kwenye jina lake. Na kuna ile kauli ya vijiweni kwamba usawa ni mambo ya wazungu. Nikiwa huku kwa hao wazungu naweza kuwaambia kwamba siku Nyanjiru anapigwa risasi, mwanamke Mwingereza wa miaka 25 alikuwa haruhusiwi kupiga kura ya Bunge. Aliipata haki hiyo mwaka 1928.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mfukoni: mkikubaliana bei, matajiri watanunua mashine. Wengine watanunua, na siwezi kuahidi kwamba hakuna atakayekosa siku ya kazi. Hata hivyo mashine haifui viatu, haipigi deki, na maji ya mfereji Nairobi huja kwa zamu. Huku Dagenham, mwaka 1968, wanawake 187 wa kiwanda cha Ford walioshona vitambaa vya viti vya gari waligoma kwa sababu kazi yao ilihesabiwa kuwa ya ujuzi mdogo. Walirudi kazini na asilimia 92 ya malipo ya wanaume, sheria ya malipo sawa ikapitishwa 1970, na kutambuliwa kwa ujuzi wao hasa kukangoja hadi 1984. Miaka kumi na sita! Nawatajia si kwa kuwa Waingereza ni walimu wetu, bali mjue mapema kwamba njia hii ni ndefu.

Tena mtaniuliza, wewe uliye mbali unatufundisha nini? Mna haki. Wakenya wa nje tulituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na sehemu ya fedha hizo inamlipa mtu wa kufua na kulea katika nyumba za wazazi wetu. Huku tunadai malipo kwa saa na hatufanyi kazi siku ya mapumziko bila nyongeza. Kwa simu tunamuuliza mama, "Huyo wa kufua hawezi kupunguza?" Sisi pia ni wale wa dirisha la gari, ila letu liko mbali zaidi.

Basi ombi langu ni moja. Vyama mnavyo tayari, vya kuweka akiba na kuzikana. Kaeni katika vyama hivyo mpange bei ya beseni, bei ya blanketi, bei ya sakafu, kila moja peke yake, na mkubaliane kwamba hakuna atakayeingia garini chini ya hapo. Chama cha wafanyakazi wa majumbani, KUDHEIHA, kipo. Kiiteni kije kwenu, kiwasikilize kwanza. Mkishapanga, tuandikieni hiyo bei sisi tulio huku, nasi tuwalipe kwa hiyo.

Ndugu yenu wa ughaibuni.